Sentimita Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili ni la kupokelea mzigo ghalani. Lina kurasa mia na ishirini, mbili nimeshazichana. Naliandikia mengine leo kwa sababu nyumba haina mtu, na mimi sijafikia hatua ya kuongea na kuta.

Juzi Jumamosi mdogo wangu aliondoka. Watu watasema nimemfukuza. Sikumfukuza, nilimwambia neno, akatoka kwa miguu yake.

Nina duka la vinywaji. Nilianza na kreti moja ya soda kichwani, miaka ishirini na saba iliyopita. Leo nina duka, ghala nyuma yake, na nyumba ya vyumba vitatu ghorofani. Hakuna aliyenipa hata msumari. Na pombe sijawahi kuionja, hata ya kulamba kidole, kwa sababu namjua Baba alivyokuwa. Kwa hiyo tuligawana kazi: mimi nauza, mdogo wangu anaonja. Tangu utotoni tunamwita Pua. Alikuwa akiingia jikoni anakwambia maziwa yaliungua juzi, na kweli yaliungua juzi. Miaka kumi na tisa, kila saa nne asubuhi, Pua alikaa kwenye kigoda chake chumba cha nyuma, akafungua chupa, akaonja, akaandika vile vikadi vinavyobandikwa kwenye rafu chini ya kila mvinyo. Saa nne hiyo mimi huwa ghalani napokea mzigo. Sijawahi kukaa nikamtazama.

Sasa hoteli moja inataka mvinyo mwekundu wa Italia, ule wa mchanganyiko wa zabibu mbili tatu, wa bei nafuu, wauze kwa glasi. Wakala alituletea sampuli za aina nane, chupa nne za kila aina. Pua akafungua moja ya kila aina. Siku ya nne nikapita chumba cha nyuma nikaona chupa zimepungua. Mimi mtu wa hesabu. Nikachukua rula. Chupa ina urefu wa sentimita thelathini. Kila moja ilikuwa tupu kwa sentimita kumi na mbili kutoka mdomoni. Kumi na mbili kwa thelathini ni sehemu mbili kwa tano. Zidisha kwa nane: chupa tatu na ushee, siku nne. Panya hawana kizibuo.

Nikamwambia, mbele ya keshia, dereva na mteja mmoja aliyekuwa anasubiri chenji: "Umekuwa mlevi kama Baba."

Alifuta mikono, akakunja kitambaa mara nne kama kawaida yake, akachukua mkoba. Jioni alituma mtu aje kuchukua nguo.

Chupa zote nane nimezimwaga. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumanne, 4 Machi

Joto. Mauzo ya kawaida. Hakuna aliyepiga simu.

Alhamisi, 6 Machi

Dereva kamwona. Anafanya kazi duka la rangi, lile la kona ya chini, karibu na fundi viatu. Anachanganya rangi kwenye makopo. Amepanga chumba hapo hapo nyuma.

"Anaendeleaje?" nikamuuliza.

"Ana aproni, Bosi."

"Nimekuuliza anaendeleaje."

"Ndiyo nakwambia. Ana aproni."

Huyu dereva namlipa kuendesha gari, si kufikiri, lakini siku nyingine angejitahidi.

Ndara za Pua ziko pale pale mlangoni, moja imelala ubavu. Nazipita. Sina muda wa kusogeza ndara za watu.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua imeanza saa tisa. Bati la ghala linapiga kelele kama wateja wa sikukuu.

Yule mzee wa mwavuli kaja. Mrefu, mpole, kila Jumamosi ananunua chupa moja ya mvinyo mwekundu wa Italia, wa bei ya chini. Ndiye aliyekuwa anasubiri chenji siku ile. Leo alisimama mbele ya rafu muda mrefu, akauliza, "Yule anayeandika kadi yuko wapi?"

"Hayupo."

"Atarudi?"

"Mzee, mvinyo ni ule ule."

Akatabasamu kama mtu aliyepewa jibu la swali jingine, akaondoka bila kununua. Miaka minne hajakosa Jumamosi. Nimeandika ili nisije nikasema nimesahau.

Jumatatu, 10 Machi

Mkuu wa baa wa ile hoteli amepiga. Anataka mvinyo mmoja tu uliochaguliwa, na kadi yake ya kuweka kwenye menyu, kabla ya tarehe 15 Aprili. "Kadi kama zile za dukani kwenu, Mama. Zile ndizo zilizonileta."

Nikamwambia hakuna shida. Nina siku thelathini na sita, aina nane, chupa tatu zilizobaki za kila aina, na ulimi usiojua kitu.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kama kazi ilikuwa inafanywa na mtu aliyekaa kwenye kigoda, na mimi nina makalio.

Jumanne, 11 Machi

Nimeandika namba moja mpaka nane kwa chaki kwenye vitako. Nimezipima kwenye mizani ya ghalani. Namba saba ni nzito kuliko zote, gramu mia mbili na hamsini zaidi ya namba tano. Nimepima pia kile kibonyeo cha chini kwa penseli: namba saba, sentimita nne; namba tano, kitako bapa kama sahani. Asilimia za kilevi: kumi na mbili na nusu mpaka kumi na nne. Mchanganyiko wa namba tano umeandikwa sitini, thelathini, kumi. Angalau yenyewe inajumlika kuwa mia.

Kwa vipimo vyote namba saba imeshinda. Kazi ya miaka kumi na tisa ya Pua nimeifanya kwa dakika arobaini.

Alhamisi, 13 Machi

Ili nisije nikalaumiwa, nimeifungua namba saba na kuwaonjesha wafanyakazi. Niliitoa kwenye friji la soda, baridi kabisa, maana kinywaji moto nani ananunua.

Dereva akameza, akafumba jicho moja. "Bosi, hii ni dawa ya kikohozi waliyosahau sukari."

Keshia akagusa kwa ncha ya ulimi. "Mimi naona baridi tu."

"Nzuri au mbaya?"

"Baridi."

Wakatazamana. Najua wanavyotazamana. Tangu Pua aondoke, wakiniona wanakuwa na kazi nyingi ghafla.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua kutwa.

Jumatatu, 17 Machi

Leo nimeonja.

Nilisubiri saa nne kwa sababu ndiyo saa iliyozoeleka. Nikakaa kwenye kigoda. Kinayumba, kumbe alikuwa ameweka kadi iliyokunjwa chini ya mguu mmoja, na mimi nilipofagia niliitupa. Nikafungua namba tano, ya kitako bapa, kwa sababu kama ni kuharibu basi niharibu ya rahisi.

Niandike ukweli, hakuna anayesoma. Nilikuwa nangojea harufu ya Baba. Ile ya shati lake tulipokuwa tunamvuta kutoka barabarani, mimi mkono wa kulia, Pua wa kushoto, yeye ana miaka saba na mimi kumi na moja, watoto wa jirani nyuma yetu wanaimba lile neno. Nilijua nikiweka pua kwenye glasi nitamkuta Baba humo.

Hakuwamo. Palikuwa na kitu kama matunda yaliyokaa kwenye mfuko wa karatasi. Nikameza. Ulinikaza mdomo kama nimetafuna ganda la ndizi mbichi. Nikasema basi, huu haufai, nikauziba.

Nikasinzia kwenye kigoda mpaka saa sita. Keshia alinikuta. Akatoka kwa ncha za vidole. Nyani haoni kundule: funda moja tu, na mimi ndiye nimelala kazini.

Jumanne, 18 Machi

Nilikwenda kubandua kadi za zamani kwenye rafu, niandike zangu. Ile ya mvinyo wa yule mzee inasema, kwa mwandiko wa Pua wa kulala upande: "Mwekundu wa Italia. Siku ya kwanza una hasira. Uache, urudi kesho."

Nimekaa na rafu hii miaka yote sijaisoma. Niliwahi kuona neno "hasira" nikafikiri, biashara gani hii ya kumwambia mteja asubiri?

Sikuibandua.

Jumatano, 19 Machi

Nimerudia namba tano. Umefunguliwa juzi. Si ule. Naapa nilidhani keshia amebadilisha chupa. Ganda la ndizi limeondoka, pamebaki matunda, na nyuma yake kitu kama ngozi ya kiatu kipya. Nimeandika saa: nne na dakika kumi na tano.

Nilipanda ngazi mbio kwenda kumwambia Pua. Nikafika mlangoni, kwenye ndara. Ndipo nikakumbuka.

Alhamisi, 20 Machi

Ngazi zina vidato kumi na saba. Nimeishi hapa miaka kumi na tano nikidhani ni kumi na sita.

Jumatatu, 24 Machi

Sasa nazionja zote nane kwa utaratibu. Nimefungua mpya zote leo, zitakaa siku nne, kila siku saa nne. Tatizo ni kichwa. Chupa nane, mafunda nane, na saa tano bado sijawasha hata kikokotoo. Dereva kanikuta nachekea risiti.

Leo nilipovuta kigoda nikagonga kindoo cha bluu kilicho chini ya meza. Siku zote nilidhani ni cha deki. Kikavu, lakini ndani kina duara za rangi ya zambarau, moja juu ya nyingine, kama pete za mti. Nikamwita keshia.

"Hiki cha nini?"

Alikitazama, akanitazama. "Cha kutemea, Bosi."

"Nani anatemea?"

"Dada Pua alikuwa anatemea. Anazungusha mdomoni, anatema. Anamwaga kwenye sinki kabla hujatoka ghalani kwa sababu alisema hupendi harufu."

"Na wewe ulijua?"

"Kila mtu alijua."

"Mbona siku ile hukusema?"

Keshia alipanga kalamu zilizokuwa zimepangwa tayari. "Siku ile, Bosi, wewe ulikuwa na rula."

Alhamisi, 27 Machi

Mvua haijakatika tangu alfajiri, barabara ni mto, wateja watatu tu. Nina muda, na sina pa kukimbilia.

Leo ni siku ya nne ya chupa zangu nane. Nimezipanga mezani. Nimeonja kwa vipimo: nilitumia kile kikombe cha dawa, mililita ishirini na tano kila mara, si zaidi, na tangu Jumanne nimetema kila tone. Siku nne, mara nne. Mililita mia moja kwa kila chupa.

Nikachukua rula ile ile.

Sentimita kumi na mbili. Chupa ya kwanza, kumi na mbili. Ya pili, kumi na mbili na milimita moja. Zote nane, sentimita kumi na mbili, kama zile za Pua, kana kwamba yeye mwenyewe kazionja.

Kisha nikachukua chupa mpya ghalani, haijaguswa, nikaimulika dirishani, nikaipima. Sentimita sita. Chupa ambayo haijafunguliwa! Kizibo na nafasi yake vinakula sita kabla mtu hajafanya lolote. Nusu ya ushahidi wangu ilitoka kiwandani.

Na zile sita nyingine? Shingo ya chupa ni nyembamba, na bega linatanuka polepole. Funda moja dogo likitoka juu linashusha karibu sentimita nne. Funda hilo hilo likitoka chini, hata sentimita moja halishushi. Mtoto wa darasa la tano angeniambia. Mimi niliihesabu chupa kama bomba.

Sasa hesabu sahihi, niiandike kwa mkono wangu: mililita mia kwa chupa, mara nane, mililita mia nane. Chupa moja na vikombe viwili vya dawa. Si tatu na ushee. Na hiyo chupa moja haikuingia tumboni mwa mtu. Iliingia kwenye kindoo cha bluu.

Watu wamenidhulumu maishani, na kila mmoja nimemwekea kumbukumbu. Nimezoea kuwa upande wa anayedai haki. Leo nimegeuza karatasi huku na huku natafuta ni wapi nilikosewa mimi. Hakuna.

Na hata kama angekuwa amekunywa zote. Lile neno tulikuwa tunalisikia pamoja, yeye mkono wa kushoto, mimi wa kulia. Watu wote wa mtaa walikuwa na haki ya kulitumia isipokuwa mimi.

Ijumaa, 28 Machi

Sikufungua duka mpaka saa tano.

Jumatatu, 31 Machi

Kutoka hapa mpaka duka la rangi ni hatua mia sita na arobaini. Nimefika hatua ya mia sita na kumi. Nilimwona kupitia kioo anatikisa kopo, nywele kazifunga kitambaa. Harufu ya tina, ile ya kuyeyushia rangi, inafika mpaka kwa fundi viatu, macho yalinichoma.

Nikarudi. Jumla, hatua elfu moja mia mbili na ishirini, bure.

Jumatano, 2 Aprili

Chupa moja ni glasi sita. Mtu mmoja kama mzee wa mwavuli, glasi moja kwa siku, siku sita. Hii ni hesabu niliyoifanya leo bila kuulizwa na mtu.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimekwenda. Nilichukua namba tano, rula na kikombe cha dawa ndani ya mfuko. Mvua ilinikuta njiani, nikafika nachuruzika.

Alikuwa anamhudumia fundi mmoja mwenye ndevu. Hakunitazama mpaka fundi alipoondoka na makopo yake.

"Karibu," alisema, kama anavyowaambia wote. "Ya ndani au ya nje?"

"Pua."

"Ya ndani au ya nje, Dada? Ya nje inastahimili mvua."

Nikatoa rula. Nikaanza kueleza: kizibo, shingo, bega, mililita. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio. Alikuwa anafuta mfuniko wa kopo, polepole, mpaka nikamaliza.

"Umenieleza mimi," akasema. "Mimi nilikuwa najua."

"Nakuomba radhi."

"Hapa? Mbele ya makopo?" Akakunja kitambaa mara nne. "Ulilisema mbele ya watu, Dada. Tena mwenye mwavuli alikuwepo. Mimi nikikutana naye barabarani navuka upande wa pili. Mtu mzima! Navuka barabara kama nimeiba."

Nikarudisha rula mfukoni.

"Mvua inaingia," akasema. "Funga mlango ukitoka."

Jumapili, 6 Aprili

Walikuwa watatu: keshia, dereva, mzee wa mwavuli. Neno lilisemwa mbele ya watu watatu, litafutwa mbele ya watu watatu, wale wale. Wawili nawalipa mimi. Wa tatu sijui hata anaishi wapi.

Jumanne, 8 Aprili

Fundi viatu anamjua mzee wa mwavuli. Ndiye anayemtengenezea mwavuli. Nilimkuta nyumbani kwake, chumba kimoja kisafi, meza yenye kiti kimoja. Kwenye dirisha chupa tupu zimepangwa, na kwenye shingo ya kila moja amening'iniza kadi. Kadi za Pua. Alikuwa anaomba anapewa, miaka minne.

Nikamweleza ninachotaka. Akasikiliza, mikono magotini.

"Jumamosi saa nne nitakuja," akasema. "Lakini Mama, nikuulize bila ubaya. Wewe ni nani pale dukani?"

"Mwenye duka."

"Aa." Akaona haya kwa niaba yangu. "Nilidhani yeye ndiye mwenye duka. Wewe nilidhani mhasibu."

Alhamisi, 10 Aprili

Nimempelekea Pua ujumbe kwa dereva: Jumamosi, saa nne, watatu wote watakuwepo. Dereva karudi.

"Kasemaje?"

"Kasema amesikia."

"Na sura?"

Dereva alifikiri kweli kweli, nilimwona anajitahidi. "Sura ya mtu mwenye aproni, Bosi. Lakini aliniuliza kama kigoda bado kinayumba."

Nimekunja kadi nikaiweka chini ya mguu.

Jumamosi, 12 Aprili

Saa nne kamili hakuwepo. Saa nne na dakika kumi hakuwepo. Mzee alikuwa amesimama na mwavuli unadondosha maji kwenye sakafu yangu, keshia anapanga kalamu, dereva anatazama juu. Saa nne na dakika kumi na nane aliingia, na aproni yake, akakaa kwenye kiti cha wateja. Si kwenye kigoda.

Nilisimama. Nilikuwa nimeandika, lakini karatasi ililowa jasho.

"Tarehe moja Machi," nikasema, "saa nne na dakika ishirini, hapa hapa, nilisema kitu juu ya mdogo wangu. Nilikuwa na vipimo. Dereva, shika rula. Pima chupa hii kutoka mdomoni."

Dereva akapima. "Sita."

"Haijafunguliwa hiyo."

Akaitazama chupa pande zote. "Sasa na hii nayo mlevi?"

Keshia aliziba mdomo. Mzee alikohoa kwenye mkono. Pua hakucheka, lakini alitazama viatu vyake haraka mno.

Nikawaonyesha mengine yote: kikombe, shingo, bega, kindoo. Nikasema, "Nilikosea hesabu."

"Hesabu umeomba radhi," Pua akasema kutoka kwenye kiti cha wateja. "Neno je?"

Mvua ilikuwa inapiga bati. Nilitamani izidi.

"Na neno," nikasema. "Mdogo wangu si mlevi. Hajawahi kuwa. Nilimtukana kwa tusi tulilotukanwa nalo wote wawili, na nilijua linauma wapi kwa sababu na mimi linaniuma hapo hapo. Nisamehe."

Sijawahi kulisema hilo neno la mwisho kwa mtu yeyote. Ni jepesi kuliko kreti.

Hakusema amesamehe. Alisema, "Umechagua upi?"

"Namba tano. Chupa imekaa wazi siku tatu."

Nikammiminia. Akazungusha glasi, akaweka pua, akasubiri. Akaweka tena. Kisha akaishusha mezani.

"Sinusi kitu, Dada."

"Hata kidogo?"

"Rangi. Kila kitu rangi. Sabuni rangi, mvua rangi. Wiki ya sita sasa." Alisema kama anataja bei. "Niambie wewe."

"Mimi?"

"Kwani nani mwingine kaonja?"

Nikaonja. Nikatema kwenye kindoo, mbele ya watu wote. Nikamwambia, "Siku ya kwanza unakaza kama ganda la ndizi mbichi. Leo haukazi. Kuna zambarau zilizoiva mno zikaangukia vumbi, na ngozi ya kiatu kipya. Na ukishatema hauondoki. Nimehesabu. Sekunde kumi na moja. Namba saba, ya chupa nzito, sekunde nne. Halafu namba saba siku ya tatu inakufa, na hoteli inauza kwa glasi, chupa zinakaa wazi. Huu ndio wao."

Pua alinitazama. "Miaka kumi na tisa," akasema, "sijawahi kufikiria kuhesabu."

Akaomba kadi na kalamu. Keshia alimpa kalamu tatu. Aliandika, akanipa, akainuka.

"Chai ipo juu," nikasema.

"Mwezi wangu haujaisha. Nimempa mwenye duka neno mpaka tarehe thelathini."

Mzee wa mwavuli alimfungulia mlango, akamshikia mwavuli mpaka upande wa pili wa barabara. Yeye mwenyewe alilowa. Aliporudi alinunua chupa, akasubiri chenji.

Jumanne, 15 Aprili

Hoteli wamechukua namba tano. Mkuu wa baa alisoma kadi mara mbili: "Mwekundu wa Italia. Siku ya kwanza una hasira. Siku ya tatu umesamehe. Unakaa mdomoni sekunde kumi na moja."

"Chupa zinazobaki wazi ndizo zinazotusumbua," akasema. "Nani alihesabu hizi sekunde?"

"Mimi."

Nilikula peke yangu. Nilitaka mtu wa kumwambia.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua imepungua. Pua hajaja. Dereva anasema anamwona, ana aproni.

Alhamisi, 1 Mei

Nilisahau maziwa jikoni nikiwa nasikiliza hatua ngazini. Alikuwa jirani. Yameungua mpaka chini. Nimemwaga, nimesugua sufuria kwa mchanga, nimefungua madirisha yote matatu, nimechoma ubani. Hakuna atakayejua. Ndiyo raha ya kuishi peke yako.

Jumapili, 4 Mei

Jua. Saa nne asubuhi nilisikia vidato. Nilihesabu: kumi na saba.

Alikuwa na mkoba mmoja tu, hakusema ni wa siku ngapi, na mimi sikuuliza. Alivua viatu. Akaisimamisha ile ndara iliyolala ubavu kwa kidole gumba cha mguu, akazivaa zote mbili. Akaingia sebuleni, akasimama katikati, akafumba macho.

"Dada," akasema. "Umeunguza maziwa."

"Lini?"

Akavuta hewa tena, taratibu.

"Alhamisi."